Michoro ya Wazungu isiyo na majina: nitaitenganishaje kwa jicho?

fundifremu_msa aliuliza:

Habari zenu wanajamvi. Mimi ni fundi wa fremu hapa Mombasa. Mteja wangu anafungua nyumba ya wageni na ameniletea bunda la picha za kuchapwa, nakala za michoro mashuhuri ya Ulaya na Marekani kuanzia zama za Monet mpaka za Warhol. Sharti lake ni kwamba picha za mkondo mmoja zikae ghorofa moja, zisichanganyike. Tatizo ni kwamba nyingi zimekatwa pembeni, hazina jina la mchoraji wala mwaka, na saini zikiwepo hazisomeki.

Nimesoma mtandaoni mpaka macho yameuma. Kila mkondo unaelezwa kwa maneno yale yale: walivunja kanuni, walionyesha hisia, walipenda rangi kali. Van Gogh ana rangi kali, Matisse ana rangi kali, Warhol naye hivyo hivyo. Nikiwa mezani maneno hayo hayanifai kitu. Nataka alama ninayoweza kuiona mwenyewe kwenye karatasi.

Mfano, nina picha ya theluji, kuna uzio na ndege mmoja mweusi ametua. Nina uso wa mwanamke wenye mstari wa kijani kutoka kwenye paji mpaka kidevuni. Nina fidla iliyokatwakatwa, yote kahawia na kijivu. Na kuna nyumba iliyo gizani, taa ya nje imewaka, lakini mbingu juu yake ni ya mchana kweupe. Hizi zinakwenda wapi? Mwenye ujuzi anisaidie, na tafadhali asinipe orodha ya tarehe peke yake.

mwl_wa_sanaa alijibu:

Fundi, anza na brashi. Ukiona mipigo mifupi, ya haraka, imerundikana bila kusuguliwa ikalainika, hao ni Waimpresionisti: Monet, Pissarro, Sisley, Berthe Morisot. Ukiona mipigo mirefu minene inayofuata umbo la kitu, mti unapinda na rangi inapinda nao, huyo ni Van Gogh. Nukta tupu, Seurat na Signac. Na mahali ambapo huoni alama ya brashi hata moja, kila kitu laini ajabu lakini mambo yenyewe hayawezekani, fikiria Dalí. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu huanzia hapo na wanafika mbali.

mlinzi_wa_ukumbi alijibu:

Salaam nyote. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nalinda ukumbi kwenye makumbusho moja ya sanaa hapa Paris. Kazi yenyewe ni kusimama na kuhakikisha watu hawagusi. Ukikaa kutwa chumba kimoja na michoro ile ile, unaanza kuona vitu ambavyo mgeni anayepita na simu yake havioni. Mwalimu amesema kweli kuhusu brashi. Ila fundi ana nakala za karatasi, na uchapaji hulaza rangi yote ikawa bapa. Mimi nitampa alama isiyopotea hata kwenye nakala mbovu: atafute kivuli. Kipo? Kina rangi gani? Kimeangukia upande gani?

Mchoraji wa Ulaya aliyefunzwa chuoni katika karne ya 19 alikuwa akipaka kivuli kwa kahawia na nyeusi. Alifanyia kazi ndani, kwa mwanga wa upande mmoja, na chochote kilichoingia kivulini kiliingia gizani. Sasa ichukue ile picha yako ya theluji. Ni ya Monet, inaitwa La Pie, aliichora majira ya baridi ya 1868 kuingia 1869 karibu na Étretat, pwani ya kaskazini ya Ufaransa. Tazama kivuli cha uzio juu ya theluji: ni cha buluu. Waamuzi wa Salon, maonyesho rasmi ya Paris, waliukataa mchoro huo mwaka 1869. Leo uko makumbusho ya Musée d'Orsay hapa Paris.

Buluu ile si mapambo. Nje juani, kivuli hakikosi mwanga kabisa. Kinaangazwa na mbingu, na mbingu ni ya buluu. Nenda ufukweni asubuhi jua likiwa limepanda, utazame kivuli cha mnazi juu ya mchanga mweupe, utaiona mwenyewe. Monet, Renoir, Pissarro na Sisley walitoka nje wakachora walichokiona, na iliwezekana kwa sababu rangi ya mafuta ilikuwa tayari inauzwa ndani ya vibomba vya bati, uvumbuzi wa Mmarekani John Goffe Rand wa mwaka 1841. Kabla ya hapo rangi ilihifadhiwa kwenye vibofu vya nguruwe, na kuibeba mashambani ilikuwa taabu. Basi ukiona kivuli cha buluu au cha zambarau, nyeusi karibu haipo, na jua limepenya kwenye majani likadondoka madoamadoa juu ya nguo na ngozi za watu, weka kwenye rundo la Waimpresionisti.

Msidhani ilikuwa jambo dogo. Mwaka 1876 Renoir alionyesha mwanamke akiwa kifua wazi chini ya miti, kivuli cha majani kimemwangukia kwa kijani na zambarau. Mhakiki Albert Wolff aliandika katika gazeti la Le Figaro kwamba hiyo ni nyama inayooza. Mimi nimeutazama mchoro huo mara nyingi na naona ngozi yenye joto, mtu aliye hai chini ya mti saa za mchana. Ni vivuli hivyo hivyo vilivyomchukiza Wolff ndivyo vinavyompa uhai.

Waliowafuata walikuta kivuli kimeshakuwa na rangi, wakajiuliza kama kinahitajika kabisa. Mwaka 1888, huko Pont-Aven, kijiji cha Ufaransa, mchoraji Gauguin alimsimamia kijana Paul Sérusier akichora msituni kwenye kibao kidogo. Akamuuliza anauonaje mti ule, na kivuli kile je, si kama cha buluu? Basi asiogope kukipaka buluu kali kadiri awezavyo. Kibao hicho kinaitwa Le Talisman, nacho kipo Orsay, na ukikitazama huoni tena msitu wenye kivuli; unaona mabaka ya rangi yamekaa ubavu kwa ubavu. Oktoba ya mwaka huo huo, kule Arles, Van Gogh alichora chumba chake cha kulala na akamwandikia ndugu yake Theo kwamba ameviondoa vivuli, amepaka rangi bapa kwa namna ya michoro ya Kijapani. Tazama miguu ya kitanda na ya viti kwenye nakala yako kama unayo: hakuna kinachotupa kivuli sakafuni. Gauguin mwenyewe huzungushia umbo mstari mzito, kisha hulijaza rangi moja. Rundo la pili hilo. Cézanne muweke hapo hapo lakini pembeni kidogo, maana tufaha lake lina upande wa kivuli uliojengwa kwa vipande vya rangi, na ukijaribu kutafuta mwanga unatoka dirisha gani hupati jibu.

Mwanamke wako wa mstari wa kijani ni mke wa Matisse, mwaka 1905, mchoro uko Copenhagen. Mstari ule ndio mpaka wa mwanga na kivuli usoni, mahali ambapo mchoraji wa zamani angeweka kahawia inayofifia polepole. Matisse ameweka kijani, wima, bila kuomba ruhusa kwa mbingu wala kwa jua. Hapo ndipo yeye na mwenzake Derain, wale wanaoitwa Wafovi, wanapotengana na Monet. Kivuli cha Monet kina rangi kwa sababu aliiona; cha Matisse kina rangi kwa sababu mchoro uliihitaji. Ukilishika hilo hutawachanganya tena Waimpresionisti na Wafovi, hata wakichora bandari moja.

Fidla yako nadhani ni ya Braque, au ya Picasso wa miaka ile ile, 1909 mpaka 1912 hivi; hao ndio Wakubisti. Kipindi hicho walikaribiana mno kiasi kwamba hata wataalamu huhitaji kutazama mara mbili. Kwao kila kipande kina kivuli chake: huku mwanga unatoka kushoto, hapa chini unatoka kulia, pale unatoka nyuma. Wanakuonyesha kitu kutoka pande nyingi kwa pamoja, basi hata jua haliwezi kuwa moja. Angalia juu kabisa kwenye nakala yako. Kama kuna msumari umechorwa na kivuli chake safi, cha kawaida kabisa, ni Braque bila shaka. Aliuweka kwenye michoro yake miwili ya fidla, mmoja uko makumbusho ya Guggenheim ya New York na mwingine Basel, Uswisi. Mimi naupenda msumari huo kuliko fidla yenyewe. Katikati ya vipande vyote vile ameacha kivuli kimoja cha kweli, tujue kwamba uwezo wa kukichora alikuwa nao.

Kisha kivuli kinarudi, na kinarudi kikitisha. Mtaliano Giorgio de Chirico, mwaka 1914, alichora barabara tupu: msichana anakimbiza gurudumu, na mbele yake kivuli kirefu cha mtu tusiyemwona, amefichwa na jengo. Kutoka kwake walijifunza Wasurealisti, wachoraji wa mambo ya ndotoni. Vivuli vyao vimechorwa kwa kanuni zote za shule, virefu, vyenye kingo kali, ndiyo maana unaamini saa zinayeyuka kwenye mchoro wa Dalí wa 1931. Mchoro ule una sentimita 24 kwa 33 tu, watu wakiuona New York hushangaa udogo wake. Nyumba yako ya usiku wenye mbingu ya mchana ni ya Mbelgiji René Magritte. Aliirudia mada hiyo mara nyingi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940, akiibadilisha kidogo kila mara.

Pasipo na kivuli hata kidogo kazi ni rahisi: mistari myeusi iliyonyooka na nyekundu, njano, buluu ni Mondrian, mraba mweusi ni Malevich, 1915, rangi iliyomwagwa na kutiririshwa turubai nzima ni Pollock wa 1947 mpaka 1950, mawingu mawili matatu ya rangi yanayoelea ni Rothko. Na kivuli kilichotengenezwa kwa nukta za uchapaji, zile za katuni za magazeti, ni Roy Lichtenstein, rundo la popu, yaani sanaa iliyochota kwenye katuni na matangazo, kama ya Warhol. Nukta zake zina ukubwa mmoja na zimepangwa kwa safu, hivyo huwezi kumdhania Seurat.

mkongo_lshi alijibu:

Asante mama mlinzi. Mimi niko Lubumbashi, nachonga mbao. Naongeza kitu kimoja kuhusu Picasso, kwa sababu hapo kuna mkono wa kwetu na hautajwi.

Mwaka 1906 Matisse alinunua sanamu ndogo ya Wavili, watu wa pwani ya Kongo, katika duka moja la Paris, akamwonyesha Picasso. Mwaka uliofuata Picasso aliingia makumbusho ya Trocadéro akakuta vinyago vya Afrika, na mwaka huo huo akamaliza Les Demoiselles d'Avignon, mchoro wa wanawake watano. Tazameni nyuso mbili za upande wa kulia. Kivuli cha pua na shavu hakikupakwa polepole, kimekatwa kwa mistari sambamba, sawa na alama ya patasi. Mchongaji hapaki kivuli. Anakata bapa hapa na bapa pale, jua lenyewe linakuja kukiweka. Nikiona Wakubisti wanavunja uso kuwa mabapa, naona mtu anayejaribu kuchonga kwa brashi. Fundi, nakala hiyo ukiipata iweke mwanzo wa rundo la Wakubisti, hata kama bado haijawa ya kikubisti kamili.

mwl_wa_sanaa alijibu:

Dada mlinzi, nimefurahi sana, na kesho hii naipeleka darasani. Ila nina maswali mawili. Umewaruka Waekspresionisti wa Ujerumani na Munch wa Norway. Alama yako inawakamata vipi? Na Manet je? Vitabu vyote humweka na Waimpresionisti, lakini nyeusi yake ni tele.

mlinzi_wa_ukumbi alijibu:

Mwalimu, maswali ya haki hayo.

Manet hakuwahi kushiriki hata moja kati ya maonyesho manane ya Waimpresionisti, yaliyoanza 1874 na kuisha 1886. Kwenye Olympia yake ya 1863 mwanga unampiga mwanamke kutoka mbele moja kwa moja, kivuli kinasukumwa kikabaki ukingo mwembamba tu, na nyeusi inatumika kama rangi kamili. Mimi ningemweka mlangoni, kabla ya ghorofa ya kwanza. Fundi akiwa na nakala yake moja tu, aitundike kwenye ngazi.

Munch anaingia kwenye alama yangu bila shida, tena kuliko wengi. Ana mchoro wa binti aliyeketi ukingoni mwa kitanda, wa mwaka 1894 na 1895, uko Oslo. Nyuma ya binti kuna kivuli kikubwa, cheusi, kimevimba, hakilingani na mwili wake. Mwanga wa chumba haukukizaa, kimezaliwa na hofu yake. Hiyo ndiyo alama ya mkondo mzima: kivuli kinabeba kilicho moyoni. Kwa Kirchner na wenzake, wale wanafunzi wa usanifu majengo walioanzisha kikundi cha Die Brücke kule Dresden mwaka 1905, kivuli kimehamia kwenye nyuso. Michoro yake ya mitaa ya Berlin, 1913 mpaka 1915, ina watu wenye nyuso za njano na kijani, zenye kingo kali. Ukiiweka kando ya Matisse wa 1905 unaweza kuchanganyikiwa, zote zina kijani usoni. Tazama mistari. Ya Matisse inapumzika. Ya Kirchner ina ncha, inaelekea chini kwa mshazari, na barabara imeinuka utadhani watu watateleza. Kirchner aliupitia ugonjwa na vita, na mwaka 1937 utawala wa Nazi ukazitundika kazi zake Munich katika maonyesho ya kuwadhalilisha wachoraji wa kisasa. Mwaka uliofuata alijiua. Siwezi kuzitazama nyuso zile nikaziita mapambo, na ningemwomba fundi amshauri mteja asizitundike chumba cha kulala.

fundifremu_msa alijibu:

Shikamoo dada, na ahsanteni nyote. Nimekaa na bunda leo tangu alasiri na zimebaki chache tu. Msumari upo! Mdogo, juu kabisa, na kivuli chake. Mzee wa Lubumbashi, Demoiselles nimeiona, ile mistari ya patasi ni kweli.

Swali la kazi sasa. Mteja anataka zote ziwe na fremu za dhahabu zenye nakshi. Mimi moyo unakataa. Wachoraji wenyewe walitaka nini?

mlinzi_wa_ukumbi alijibu:

Marahaba ndugu yangu. Moyo wako uko sawa. Degas na Pissarro walitumia fremu nyeupe na za rangi kwenye maonyesho yao, kwa sababu dhahabu inaubadilisha mwanga wa mchoro. Wafanyabiashara ndio waliopendelea dhahabu, maana wanunuzi waliizoea, ndiyo maana leo makumbusho yamejaa dhahabu. Nyeupe ya maziwa itaifaa sana La Pie.

Mondrian usimzamishe ndani ya fremu wala usimfunike na kioo kinachong'aa. Yeye alikuwa akiuweka mchoro mbele ya fremu yake, usukumwe kuelekea mtazamaji. Bandika nakala juu ya ubao mwembamba, kisha ubao huo juu ya mwingine mpana mweupe, utakuwa umemfuata. Pollock na Rothko hawahitaji kitu pembeni.

Kwa Seurat kuwa mwangalifu zaidi. Kama nakala ya La Grande Jatte, mchoro wake wa watu wakipumzika kando ya mto, imo, kagua ukingo. Miaka michache baada ya kuumaliza mchoro huo aliuongezea ukanda mwembamba wa nukta kuzunguka pande zote, rangi za ukanda zikibadilika kulingana na zilizo jirani yake. Ule ni sehemu ya kazi. Ukiukata au ukaufunika na karatasi nene ya ndani ya fremu, umekata mchoro. Acha nafasi, halafu fremu nyeupe.

Braque mpe mbao ya kawaida, isiyopakwa kitu. Baba yake na babu yake walikuwa mafundi wa kupaka na kupamba nyumba, naye alisomea ufundi huo kabla ya yote. Huko ndiko alikojifunza kuigiza mishipa ya mbao kwa kupitisha kitana kwenye rangi mbichi, na mwaka 1912 akaiingiza mbinu hiyo kwenye michoro yake na kumfundisha Picasso. Kwa hiyo ukikuta kwenye nakala kipande chenye mistari ya mbao ya bandia, usidhani mtambo wa kuchapa umekosea, wala usikipunguze kwa wembe. Ni kazi ya fundi mwenzio.